Kifaransa cha kompyuta si Kiingereza kilichovaa kofia

Jumanne niko soko la Kibuye hapa Kisumu nachagua nyanya, simu inalia, kumbe ni mteja. Ana dokumenti ya kurasa 60, mradi wa mfumo wa benki huko Afrika Magharibi, iko kwa Kifaransa na anaitaka kwa Kiingereza kufikia Ijumaa. Kabla hata sijafungua mdomo kutaja bei ananiambia, "Lakini madam, hiyo si ni IT tu? Maneno ya kompyuta yote ni Kiingereza, wewe kazi yako ni kuunganisha." Anataka nusu bei. Nikalipa nyanya, nikamwambia nitampigia nikifika nyumbani.

Hii maneno nimeambiwa mpaka nimechoka. Shemeji yangu fundi wa simu pale Kondele ananiambia hivyo hivyo kila Krismasi. Kwa hivyo naandika mara moja, na mwingine akiniuliza natuma linki naendelea na chai yangu.

Wafaransa hawakuchukua Kiingereza wakakibandika kofia juu ya herufi. Mwaka 1955 IBM ya Ufaransa ilikuwa na kompyuta mpya ya kuuza na haikuwa na jina la Kifaransa la kuiita, ikamuuliza Jacques Perret, profesa wa Kilatini pale chuo cha Sorbonne, naye akajibu kwa barua ya tarehe 16 Aprili akipendekeza "ordinateur", neno ambalo kamusi ya Littré ililiweka kama sifa ya Mungu anayeupanga ulimwengu. Ndiyo, Mungu. Na likashika! Sisi tuna tarakilishi, ingia saiba yoyote hapa mjini uombe tarakilishi uone vile utaangaliwa, lakini mtoto wa Dakar au Lyon anasema "ordinateur" bila kufikiria. Baadaye 1962 Philippe Dreyfus akaleta "informatique", yaani mambo ya kompyuta na data kwa jumla, ikafuata "logiciel" kwa maana ya programu, na baiti kwao ni "octet", ndio maana unaona simu imeandikwa 64 Go na hiyo ni gigabaiti 64.

Hayo ni maneno rahisi, sikiliza vizuri. Ukishayakariri umeyakariri, na hata mashine ya kutafsiri inayajua. Mimi sikosi usingizi juu ya "logiciel".

Kinachonikosesha usingizi ni yale maneno ya kawaida kabisa yamekaa hapo kama hayana neno. Chukua "recette". Jikoni ni maelezo ya kupika. Kwa mhasibu ni mapato. Kwa mradi wa programu ni ile hatua mteja anakaa chini na kuujaribu mfumo, aone kama unafanya kile aliagiza, kabla ya kutia sahihi kwamba amepokea kazi. Nimeona tafsiri imeandikwa "recipe phase", na nyingine mtu wa fedha alisoma "revenue phase" akaanza kuuliza hizo pesa zinaingia lini. Na sasa "cahier de recette", orodha ya majaribio yote, inageuka kitabu cha mapishi. Unacheka, lakini kwa mikataba mingi malipo yanafuata ile karatasi ya "recette" ikishatiwa sahihi, kwa hivyo ukikosea hapo umekosea mahali pesa iko.

Alafu kuna "éventuellement". Linafanana na "eventually" ya Kiingereza kama pacha, na ndio ubaya wake, kwa sababu maana yake ni huenda, ikibidi. Sentensi ikisema seva ya pili itawekwa "éventuellement", mwenye kuandika amesema labda. Ukiandika "eventually" umesema itawekwa, ni swala la muda tu. Umemwekea mtu ahadi ambayo hakutoa.

Na mimi sijioni malaika. Mwaka wangu wa kwanza niliandika "exploitation team" mara kumi na kitu kwa ripoti moja, ikasomeka kama genge la kunyonya watu. Kumbe "exploitation" ya Kifaransa hapo ni wale vijana wanaokesha na seva zisizime. Hakuna mtu aliniambia, niligundua mwenyewe miezi baadaye nikaona aibu peke yangu jikoni.

Sasa hapa ndipo huwa napandwa na hasira, kwa hivyo nivumilie. "Chiffrer" ni kufunga data kwa ufunguo ili mwingine asisome. Lakini meneja akisema kwa mkutano "il faut chiffrer", hataki kufunga chochote, anataka upige hesabu kazi itachukua siku ngapi na bei gani. Majina yanatofautiana, "chiffrement" ni ya kufunga na "chiffrage" ni ya bei, lakini kitenzi ni kimoja na dokumenti ya benki ina usalama na bajeti ukurasa uleule.

Ukifika kufungua inakuwa mbaya zaidi. Watu wa usalama wa Kifaransa ni wakali hapa: "déchiffrer" ni kufungua ukiwa na ufunguo wako, "décrypter" ni kuvunja bila ufunguo. Mwenye nyumba na mwizi. Na kwa sababu hiyo hawataki kabisa kusikia "crypter", maana ingekuwa ni kufunga mlango kwa ufunguo ambao hata wewe mwenyewe huujui. Logiki yao naipenda. Shida ni mbili: Kiingereza kinasema "decrypt" kwa wote wawili, na watu wa ofisini, hata mainjinia, wanaandika "décrypter" ovyo wakimaanisha kufungua tu. Kwa hivyo nikikutana nalo lazima niamue huyu mwandishi ni mkali au ni mzembe, kwa sababu nikiandika kwamba wafanyakazi wa benki wanavunja data ya wateja, nimewaita wezi. Huwa naangalia kama ameandika "crypter" mahali pengine. Kama ameandika, basi ni mzembe, nafungua kwa amani. Sheria hii niliitunga mwenyewe na siwezi kukuapia.

"Maîtrise d'ouvrage" sitamaliza. Imetoka kwa ujenzi: mwenye ploti upande huu, anayesimamia ujenzi upande ule, na wao wakaihamisha ikaingia kwa kompyuta, idara inayotaka mfumo na idara inayoujenga, MOA na MOE. Kuna hata AMOA, anayelipwa kumsaidia mwenye ploti kujua anataka nini, kama yule jirani anayejua bei ya simiti. Kiingereza hakina neno linalokaa sawa. Nimejaribu manne tofauti kwa miaka hii, siku hizi naacha herufi zao nazieleza mara moja mwanzoni, wateja wengine wanalalamika na labda wako sawa.

Lakini kuna mahali Kiswahili kinawashinda wote, na hili nalisema kwa raha. "Télécharger" kwa Kifaransa cha kila siku inaenda pande zote mbili, kushusha faili na kupandisha. Wa Québec walitengeneza "téléverser" ya kupandisha, lakini mwandishi wa Abidjan mara nyingi anaandika "télécharger" tu anakuacha ujipange. Sisi tuna kupakua na kupakia. Mtoto aliyewahi kushika mwiko anajua kupakua ni kutoa kwa sufuria, na makanga yeyote wa matatu anajua kupakia ni kuweka ndani. Herufi moja tu na hakuna anayechanganyikiwa.

Kwa hivyo hiyo nusu bei hakupata. Alinung'unika akakubali robo tatu, na saa hii niko ukurasa wa 41 ambapo "l'agence télécharge le fichier", yaani tawi linapakua au linapakia faili, na mchoro uliopo una mstari kati ya tawi na makao makuu bila kichwa cha mshale. Nimemwandikia injinia wao kumuuliza faili inaenda wapi. Hajajibu, stima imepotea, na laptopu iko asilimia 19.