Je, wajua kwa nini mazoezi yanayopandisha presha ndiyo yanayoishusha?

Mtu akianza kukimbia, presha yake inapanda. Hata kwa kijana mwenye afya, namba ya juu kwenye kipimo yaweza kutoka 120 hadi 180 au zaidi katikati ya mbio, huku namba ya chini ikibaki karibu palepale. Hofu ya ndugu wanaomkataza mzee wao mwenye presha hata kutembea ina pa kuanzia. Sasa inakuwaje daktari amwambie mzee huyohuyo atembee kwa kasi ili presha ishuke?

Jibu linalosikika sana, hata kwenye vikundi vya jogging, ni uzito: unakimbia, mafuta yanayeyuka, mwili unapungua, presha inafuata. Ni kweli kwamba kupunguza uzito hushusha presha. Lakini kwenye majaribio, presha imeshuka hata kwa watu ambao uzito wao haukubadilika. Zaidi ya hapo, zoezi moja tu linatosha kuishusha kwa muda. Mtu akiendesha baiskeli nusu saa kisha akapumzika, kipimo husoma chini ya kilivyosoma kabla hajapanda baiskeli, na hali hiyo hudumu saa kadhaa. Kwa wenye presha ya kupanda imewahi kupimwa ikikaribia siku nzima. Nusu saa haijayeyusha kitambi cha mtu yeyote.

Jibu la pili linasema moyo umekuwa imara na unapiga taratibu, hivyo unasukuma damu kidogo. Hili limekosea mahali pazuri, kwa sababu nusu yake ni sahihi. Moyo wa mfanya mazoezi hupiga taratibu kweli anapopumzika, ila kila pigo moja husukuma damu nyingi zaidi. Ukijumlisha kwa dakika nzima, kiasi cha damu ni karibu kilekile. Kinachobadilika ni njia inayopita damu hiyo.

Chukua Uwanja wa Benjamin Mkapa baada ya mechi ya Simba na Yanga. Watu wanashuka majukwaani kwa wingi uleule, lakini yakifunguliwa mageti mawili tu, wanasukumana mpaka mbavu zinauma. Yakifunguliwa yote, umati huohuo unatoka bila kubanana. Msukumano ule ndio presha, na mageti ni ateri ndogo ndogo zinazogawa damu mwilini. Kuta zake zina misuli, na neva huiamuru misuli hiyo ibane. Baada ya mazoezi, ubongo hupunguza amri hizo: walinzi wanaambiwa wasiharakishe kufunga. Na geti halihitaji kupanuka sana. Upana wa mshipa ukiongezeka kwa asilimia 10, ukinzani dhidi ya damu hupungua kwa karibu theluthi moja.

Mwaka 2005 watafiti Véronique Cornelissen na Robert Fagard walikusanya majaribio 72 ya mazoezi ya pumzi, kama kukimbia na kuendesha baiskeli. Kwa wenye presha ya kupanda, namba ya juu ilishuka kwa wastani wa 6.9 na ya chini kwa 4.9. Ukinzani wa mishipa ulipungua kwa takriban asilimia 7, na noradrenalini, kemikali ambayo neva hutumia kubana mishipa, kwa asilimia 29.

Lakini kuna mkono mwingine unaoshikilia mageti, na huo ndio unaonivutia kuliko yote. Ni histamini, kemikali ileile inayokupigisha chafya vumbi likiingia puani. Misuli iliyofanya kazi huitoa, nayo hutanua mishipa ya hapohapo kwa muda baada ya zoezi kwisha. John Halliwill na wenzake wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, waliwapa watu dawa za kuzuia histamini kabla ya kuendesha baiskeli, na ule ushukaji wa presha ukapungua sana. Hata hivyo, waliopimwa walikuwa wachache, wengi vijana wenye afya, na dozi ilikuwa kubwa kuliko ya kawaida. Hiyo si sababu ya mwenye aleji kuacha dawa yake.

Wahadzabe wa kaskazini mwa Tanzania hutajwa sana hapa: utafiti wa 2017 uliwakuta wakijishughulisha kwa nguvu ya wastani au kubwa kwa muda unaozidi saa 2 kwa siku, na presha ya kupanda kwao ilikuwa nadra. Sisi tulio mjini tunatofautiana nao pia kwa chakula, kwa hiyo miguu isipewe sifa yote. Wala kukimbia si njia pekee. Uchambuzi wa majaribio 270 uliotoka 2023 ulionyesha kwamba mazoezi ya kukaza misuli bila kusogea, kama kuegemea ukuta ukiwa umekunja magoti, yalishusha namba ya juu kwa takriban 8, wakati yale ya kukimbia na kutembea yaliishusha kwa 4.5 hivi.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani. Kwa mwenye presha, ni bora zigawanywe katika siku nyingi kuliko kumalizwa zote Jumamosi, kwa sababu mageti yaliyofunguliwa na zoezi moja huanza kujifunga ndani ya siku moja, na mtu akiacha kabisa, faida yote hupotea baada ya wiki chache. Vidonge viendelee mpaka daktari aseme vinginevyo, na mwenye presha iliyopanda sana au anayeumwa kifua aonane naye kabla ya kuanza.