Vijidudu vya udongo na unyevu wa nchi kame: dhana potofu na ukweli

Dhana: Udongo ukikauka, vijidudu vyake hufa na shamba hubaki tasa.

Baadhi hufa. Vilivyobaki hulala, na mvua ya kwanza ikinyesha huamka ndani ya saa chache, vikala mabaki ya vilivyokufa na kuachia naitrojeni, chakula cha mimea, kwa mkupuo. Mtafiti wa udongo H. F. Birch alilieleza hili mwaka 1958, kutokana na kazi yake ya Muguga, Kenya. Aliyepanda mapema huiwahi naitrojeni hiyo. Aliyechelewa hukuta mvua kubwa zimekwisha kuizamisha chini ya mizizi michanga.

Dhana: Chupa ya vijidudu vya dukani itashinda ukame.

Hakuna kijidudu kinacholeta maji. Kazi yake ni kuyashika yaliyoingia. Ng'oa mche wa uwele uliomea kwenye mchanga, utikise: mchanga utabaki umeuvaa mzizi kama soksi. Soksi hiyo hushikiliwa na vinyweleo vya mzizi pamoja na ute, wa mzizi wenyewe na wa bakteria. Ute hunyonya maji, kisha huyaachia polepole. Nyuzi za kuvu, nyembamba kuliko vinyweleo, hupenya vitundu ambavyo mzizi hauviwezi.

Lakini ute hutengenezwa kwa chakula. Shamba linalochomwa mabua kila mwaka halina cha kulisha vijidudu, viwe vya asili au vya kununua. Heri kuanza na shimo la kupandia la Chololo, kijiji cha Dodoma: upana sentimita 22, kina 30, nafasi ya 60 kati ya shimo na shimo, 90 kati ya mistari. Tia majivu kidogo ya kufukuza mchwa, samadi iliyoiva, mabaki ya mazao, halafu udongo, ukiacha nafasi ya kukinga maji. Samadi mbichi huunguza miche. Mabua makavu ya ziada yatandazwe juu. Yakichanganywa udongoni, vijidudu vinavyoyaozesha huinyang'anya mimea naitrojeni.

Dhana: Maji yakigoma kuingia, udongo ni wa mfinyanzi.

Hata mchanga hugoma, kwa nta inayoachwa na kuvu na majani yaliyooza. Dondosha tone: likikaa kama shanga zaidi ya sekunde 5, lowesha kidogo kidogo.

Dhana: Kila gamba la juu ya udongo livunjwe.

Inua kipande kwanza. Kikiwa na nyuzi zinazoning'iniza punje za mchanga, na kikilowa kikageuka kijani, ni gamba hai la sayanobakteria, yaani bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua kama mimea. Kwenye malisho liache, maana ndilo linalozuia upepo kubeba udongo. Gamba tupu la matone ya mvua shambani, lisilo na nyuzi, lipalilie kabla mvua nyingine haijatiririka juu yake.