Kijana, simu na neno la mwisho nyumbani: yanayosemwa na yaliyopimwa

"Simu ndiyo inayowaharibu."

Hii ndiyo dhana mama. Mtoto akinuna, simu. Akishuka darasani, simu. Akimjibu mama yake kwa mkato, simu tena. Kifaa kimekuwa mshtakiwa ambaye haulizwi hata alikuwa wapi siku ya tukio.

Mwaka 2019 watafiti Amy Orben na Andrew Przybylski walichambua takwimu za vijana 355,358 wa Marekani na Uingereza. Walitaka kujua ni kiasi gani cha tofauti kati ya kijana mwenye raha na mwenzake aliyenyong'onyea kinaweza kuelezwa na matumizi ya teknolojia. Jibu: si zaidi ya asilimia 0.4. Katika takwimu hizohizo, kula viazi mara kwa mara kulihusiana na unyonge karibu kwa kiwango hichohicho, na kuvaa miwani kulihusiana nao zaidi. Wala hakuna mzazi aliyemnyang'anya mwanawe miwani usiku.

Ila mtu asikimbilie kufurahi. Wastani ni blanketi, na chini ya blanketi kuna miguu ya urefu tofauti. Mwaka 2022 Orben na wenzake walirudi na takwimu za Uingereza, safari hii wakitazama umri na jinsia. Walikuta vipindi ambavyo kutumia sana mitandao ya kijamii kulitangulia kushuka kwa kuridhika na maisha mwaka uliofuata: kwa wasichana kati ya miaka 11 na 13, kwa wavulana miaka 14 na 15, na kwa wote tena kwenye miaka 19. Watafiti walidhani kupishana huko kwa wasichana na wavulana huenda kunatokana na kupishana kwa balehe, ingawa wao wenyewe hawakuipima. Na kuna jambo ambalo magazeti mengi yaliliruka: mshale ulielekea upande wa pili pia. Kijana aliyepungukiwa na raha mwaka huu alielekea kuongeza muda wa mitandao mwaka ujao. Kwa hiyo mzazi anayeona binti wa miaka 12 amezama kwenye simu ana maswali mawili ya kujiuliza, la simu na la kilichomfanya aikimbilie.

"Kizazi hiki kimezaliwa na kompyuta, kinajua kila kitu."

Mwaka 2001 Mmarekani Marc Prensky aliwaita vijana "wazawa wa dijitali", na jina likanoga hadi likageuka kuwa ukweli bila kupita kwenye kipimo. Kipimo kilipokuja, mambo yalikuwa mengine. Katika utafiti wa kimataifa wa ICILS wa 2018, wanafunzi wa darasa la nane walipewa kazi halisi za kompyuta: kutafuta habari, kuzipima, kuzipanga na kuziwasilisha kwa watu wengine. Waliofika ngazi ya juu kabisa walikuwa asilimia 2 tu. Kuteleza kidole kwenye kioo ni kazi moja, kujua kwamba habari uliyoisoma imelipiwa na muuza bidhaa ni kazi nyingine.

Na hapa ndipo jinsia inapoingia kwa namna ambayo wengi hawaitarajii. Katika nchi nyingi zilizoshiriki, wasichana waliwashinda wavulana kwenye stadi hizo za habari na kompyuta. Wavulana walitangulia kidogo, kwa wastani, kwenye sehemu ya kufikiri kwa hatua kama za programu. Sasa jiulize: mtandao ukikatika nyumbani, ni nani huitwa? Mara nyingi jina linaloitwa ni la kaka, hata kama dada ndiye aliyesoma maelezo ya mashine. Hiyo si hadithi ya vifaa peke yake. Takwimu za PISA, mtihani wa kimataifa wa wanafunzi, za 2012 zilionyesha kuwa wazazi walitarajia zaidi wana wao wa kiume kuliko wa kike kuja kufanya kazi za sayansi, teknolojia, uhandisi au hesabu, hata pale watoto hao wa miaka 15 walipolingana alama za hisabati. Mtoto husikia matarajio hayo kabla hajachagua somo hata moja.

Upande mwingine wa dhana hii ni kwamba maamuzi ya teknolojia yanashuka tu, kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto. Teresa Correa, aliyefanya utafiti nchini Chile na kuuchapisha 2014, alihoji vijana pamoja na wazazi wao akaona elimu ya vifaa ikipanda kutoka chini: kijana anamfundisha mzazi. Ilitokea zaidi kwa akina mama kuliko akina baba, na zaidi katika familia zenye kipato cha chini. Katika nyumba za namna hiyo kijana wa miaka 14 anaweza kuwa ndiye anayejua simu ipi inafaa, kifurushi kipi kinaisha upesi, ujumbe upi ni wa matapeli. Anaamua mengi, ila hakuna anayemwita mwamuzi.

"Bado mtoto, hana akili ya kuamua."

Ana, lakini inategemea saa ngapi na mbele ya nani. Utafiti mmoja mkubwa uliochapishwa 2019, wa watu zaidi ya 5,000 wa miaka 10 hadi 30 katika nchi 11, Kenya ikiwamo, ulitenganisha vitu viwili ambavyo wazazi huvichanganya. Uwezo wa kufikiri kwa utulivu, yaani kupima hoja na kukumbuka taarifa, hufikia kiwango cha mtu mzima karibu na miaka 16. Uwezo wa kujizuia wakati damu inachemka huendelea kukomaa hata baada ya miaka 18.

Miaka mingi kabla ya hapo, 2005, Margo Gardner na Laurence Steinberg waliwapa watu 306 mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta, wengine peke yao na wengine wakitazamwa na wenzao. Wenzao walipokuwepo, vijana wa miaka 13 hadi 16 walijitosa kwenye hatari zaidi kuliko walipokuwa peke yao. Watu wazima wa miaka 24 na zaidi karibu hawakubadilika. Simu, tukiitazama kwa jicho hilo, ni chumba ambacho wenzake wapo saa zote. Kijana uliyezungumza naye mchana kuhusu picha za faragha, akakujibu kwa hoja safi, ni yuleyule ambaye saa tano usiku yuko kwenye kundi la watu arobaini wanaosubiri aone aibu. Hakukudanganya mchana. Mazungumzo ya mchana yalitumia akili moja, usiku ukaita nyingine.

Mwanasaikolojia Judith Smetana ametumia miongo kadhaa kuchunguza swali linaloonekana dogo: kijana anakubali mzazi ana haki ya kuamua mambo gani? Majibu yanafuata mpangilio unaofahamika. Mambo ya kumdhuru mwingine na mambo ya usalama, vijana wengi wanakubali mzazi aseme. Nywele, marafiki, muziki, chumba changu: hapo wanasema hapana, na kadiri wanavyokua ndivyo "hapana" inavyopanuka. Kwa mtazamo wangu, ugomvi wa simu hauishi kwa sababu kifaa hicho kimoja kimebeba makundi yote. Baba anaposema "lete simu" anafikiria usalama. Binti anasikia "lete marafiki zako, shajara yako na nywele zako." Wote wawili wana haki kwa sehemu, na neno moja limewagonganisha.

"Nikimfuatilia nitajua."

Hapa ndipo pesa nyingi za wazazi zinapoteketea. Mwaka 2000 Håkan Stattin na Margaret Kerr walichapisha utafiti wa vijana 703 wa miaka 14 nchini Sweden pamoja na wazazi wao. Watafiti kwa miaka walikuwa wameona kwamba mzazi anayejua mwanawe yuko wapi ana mtoto mwenye matatizo machache, wakahitimisha kuwa ufuatiliaji unafanya kazi. Stattin na Kerr waliuliza swali la kitoto kabisa: hayo anayoyajua, aliyajuaje? Kwa sehemu kubwa, mtoto ndiye aliyemwambia. Kwa hiari. Kuhoji na kubana kulichangia kidogo sana. Tafiti zilizofuata zimeongeza kwamba wasichana kwa kawaida husimulia zaidi kuliko wavulana, na mama husimuliwa zaidi kuliko baba, kwa hiyo kimya cha mvulana kwa baba yake kisihesabiwe moja kwa moja kuwa ni dalili ya maovu.

Programu za kuchuja tovuti nazo zimepimwa. Przybylski na Victoria Nash, 2018, walikuta zaidi ya asilimia 99.5 ya kilichoamua iwapo kijana ataona picha za ngono mtandaoni hakikuhusiana na kuwapo kwa kichujio nyumbani. Na programu za ujasusi? Watafiti walisoma maoni 736 yaliyoandikwa na watoto kuhusu programu za wazazi. Asilimia 79 yalitoa nyota mbili au chini yake. Mtu atasema mfungwa hawezi kulisifia gereza. Sawa, lakini walichokilalamikia si kunyimwa michezo tu. Walisema programu hizo zinaingilia faragha yao na kuharibu uhusiano wao na wazazi.

"Binti asishike simu, ndiyo usalama wake. Mvulana atajijua."

Dhana mbili ndani ya sentensi moja, na zote zina gharama. Kwenye utafiti wa Girl Effect na Vodafone Foundation wa 2018, uliogusa nchi 25, wavulana walikuwa na uwezekano mara 1.5 zaidi ya wasichana wa kumiliki simu. UNICEF ilipohesabu 2023, karibu asilimia 90 ya wasichana wa miaka 15 hadi 24 katika nchi zenye kipato cha chini hawakuwa wakitumia intaneti. Msichana aliyenyimwa mara nyingi huazima, ya kaka, ya rafiki yake, ya jirani. Anaingia mtandaoni kwa dakika chache, kwenye akaunti ya mtu, bila nywila yake na bila mtu wa kumuuliza akikwama, kwa sababu kuuliza ni kujisema. Kazi za mtafiti Sonia Livingstone na wenzake Ulaya zinaonyesha gharama ya kukataza: makatazo hupunguza hatari kweli, na hupunguza faida pamoja nazo.

Kuhusu mvulana "atakayejijua": FBI, shirika la upelelezi la Marekani, imekuwa ikionya kuwa walengwa wakuu wa matapeli wanaodai pesa kwa vitisho vya kusambaza picha za utupu ni wavulana wa miaka 14 hadi 17. Wale ambao hakuna aliyewakagua, na ambao wamefundishwa kwamba mwanamume halii.

"Sheria za simu ni za watoto."

Mwaka 2016 Alexis Hiniker na wenzake waliwauliza wazazi na watoto 249 kwa 249 nchini Marekani kila upande unataka sheria gani. Watoto walikiri kwamba kuacha kabisa programu fulani ni rahisi kuliko kuitumia kwa masharti ya mahali na saa, jambo linalofaa kukumbukwa na anayeandika sheria za mezani. Halafu wakatoa orodha yao. Mzazi asiandike ujumbe akiwa anaendesha gari. Aweke simu chini ninapozungumza naye. Na asiposti habari zangu kabla ya kuniuliza.