Mlipuko wa hisia kwa mtu mzima mwenye usonji: yasemwayo na ukweli wake

Dhana potofu: Mtu mzima anayepiga mayowe hadharani amekosa adabu

Mtoto anayedai soda dukani hutupa jicho kuona kama mama anamtazama, na akiipata hunyamaza. Mlipuko wa hisia wa mwenye usonji (autism, tofauti ya ukuaji wa ubongo) hauna dai. Mfumo wa fahamu umebebeshwa kuliko uwezo wake: adrenalini imejaa mwilini, moyo unakwenda mbio, maneno hayatoki. Ndiyo maana mwalimu wa hesabu wa kidato cha nne anaweza kushindwa kutamka "maji". Mmoja hulia, mwingine hujigonga paja au kichwa, mwingine hutimua mbio barabarani bila kutazama magari. Tangu 2013, DSM-5, mwongozo wa utambuzi wa madaktari wa akili wa Marekani, umeweka miongoni mwa dalili za usonji jinsi mtu anavyopokea sauti, mwanga na mguso kwa ukali au kwa ufifi usio wa kawaida. Nao usonji haukomi mtu akifikisha miaka 18.

Dhana potofu: Huanza ghafla, kwa jambo dogo

Chukua Jumapili moja ya Kisumu. Usiku mvua imepiga mabati, usingizi ni wa saa nne tu. Chai haikunywewa. Matatu ya kutoka Kondele ina spika chini ya kiti. Soko la Kibuye limefurika, jua ni kali, wauza mitumba wanaita wateja kwa vipaza sauti. Kisha fundi aliyeahidi kurudisha simu saa sita anasema, "Kuja kesho." Watu wanamwona mtu mzima akililia simu, ilhali mzigo ulianza kupakiwa usiku.

Kwa hiyo, wewe mwenye usonji, andika. Shika daftari dogo kwa wiki nne, na kila jioni weka mambo matano: saa ulizolala, milo uliyokula, kelele ulizopitia, mipango iliyobadilika, na watu uliolazimika kuzungumza nao. Mlipuko ukitokea, soma saa 24 zilizoutangulia, usiishie kwenye dakika tano za mwisho. Usishangae ukikuta kinachojirudia ni njaa au usingizi, wala si yule uliyegombana naye.

Wengi wenye usonji hawasikii njaa, kiu au haja ndogo mpaka imezidi. Usiutegemee mwili ukukumbushe. Weka kengele ya simu kila baada ya saa tatu: kunywa maji, nenda chooni, tafuna kitu. Vilevile, karibu nusu yao hupata taabu kutaja wanachohisi, hivyo swali "unajisikiaje?" haliwafikishi mbali. Afadhali kujua ishara za mwili: taya limekaza, mwanga umeanza kuuma, unarudia sentensi moja, umesoma ujumbe mara tatu bila kuuelewa, sauti yako imepanda. Ukiona mbili kati ya hizo, ondoka hapo hapo, hata kama ununuzi haujaisha. Dakika kumi baadaye huenda usiweze kuamua kuondoka.

Pumzi pia husaidia wakati huu wa mwanzo: vuta kwa kuhesabu nne, toa kwa kuhesabu sita, kwa dakika mbili au tatu. Mlipuko ukishafika kileleni, kumwambia mtu "pumua" ni kumwongezea kelele.

Mfukoni weka vizibo vya masikio vya sponji. Vingi hulegea kwa sababu huchomekwa bila kuviringishwa. Kiviringishe kwa vidole safi mpaka kiwe chembamba, pitisha mkono wa pili nyuma ya kichwa uvute sikio juu na nyuma, kiingize, kisha kishikilie kwa sekunde 20 hadi 30 kijae. Kikikaa vizuri kinaweza kupunguza takriban desibeli 20 au zaidi. Kikining'inia nje, hupati kitu. Barabarani bakiza sikio moja wazi ili usikie bodaboda. Ongeza kofia yenye ukingo, chupa ya maji, na nauli ya kukufikisha nyumbani, taslimu, nyuma ya kava la simu. Kukumbuka namba ya siri ya M-Pesa katika hali ile ni vigumu mno. Mwisho, kadi: "Nina usonji. Nimelemewa. Sijalewa, si mgonjwa wa kuambukiza. Tafadhali msinishike. Mpigieni…" Iandike kwa Kiswahili na kwa lugha ya mtaani kwenu, Kijaluo au Kiluhya, maana anayekuja kusaidia huenda akawa mama mboga na si karani.

Dhana potofu: Mshikeni, mmwagieni maji, atatulia

Umati ndio unaogeuza mlipuko wa dakika ishirini kuwa wa saa nzima. Kila mkono unaomgusa ni mzigo mwingine. Na kumlaza mtu kifudifudi huku mmemkalia mgongoni kunaweza kumkatia pumzi akafa. Hilo lisifanywe kabisa.

Abaki msaidizi mmoja, ikiwezekana anayemfahamu. Wengine wasogee mbali, muziki uzimwe, simu zinazorekodi zirudi mifukoni. Kaa kando yake, usimsimamie mbele. Sema sentensi moja fupi, kwa mfano "Niko hapa, si lazima useme kitu," kisha nyamaza angalau sekunde kumi kabla ya neno lingine. Usidai akutazame machoni. Ukihitaji jibu, uliza la ndiyo au la, ajibu kwa kichwa au kidole. Anagonga kichwa ukutani? Ingiza sweta au leso iliyokunjwa katikati, usimvute.

Maji baridi yana kazi yake, lakini mikononi mwa mwenyewe: kutumbukiza uso kwenye beseni huku amezuia pumzi kwa sekunde chache hupunguza mapigo ya moyo. Mwenye ugonjwa wa moyo asijaribu. Kumwagiwa ndoo bila kutarajia ni jambo jingine kabisa, na mara nyingi humrudisha mwanzo.

Usichanganye mlipuko na kifafa, ambacho hutokea zaidi kwa wenye usonji kuliko kwa wengine. Akipoteza fahamu na viungo kutikisika, mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, na tafuta gari la hospitali ikipita dakika tano. Gari la hospitali litafutwe pia, bila kungoja, akiumia kichwa na kutapika, au akisema anataka kujiua.

Dhana potofu: Ni mapepo, au amerogwa

Anayetaka kumwombea ndugu yake hakosei. Kinachodhuru ni namna: kesha lenye spika nne, mikono kumi kichwani, mfungo wa siku tatu. Hivyo vyote ni kelele, mguso na njaa, na akilipuka tena yatahesabiwa mapepo sugu. Mwombe mchungaji aje nyumbani na mtu mmoja tu, sala iwe ya sauti ya chini, bila kuwekewa mikono. Kumfunga kamba au kumfungia chumbani ni ukatili. Ibara ya 54 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima na utu.

Dhana potofu: Aliyenyamaza amenuna

Kuna wanaozimika badala ya kulipuka. Mtu anakodoa macho, hajibu, hasogei. Mzigo ni ule ule na msaada ni ule ule.

Dhana potofu: Kuna dawa yake

Hakuna dawa ya usonji wenyewe. Dawa mbili, risperidone mwaka 2006 na aripiprazole 2009, ziliidhinishwa Marekani kupunguza hasira kali kwa watoto na vijana wenye usonji, na zinaweza kuongeza uzito wa mwili na kuleta usingizi mzito. Kwa mtu mzima, mtaalamu wa afya ya akili huweza kutibu wasiwasi au ukosefu wa usingizi unaojaza mzigo. Tembe za usingizi za kununua kiholela, au chang'aa, hukopesha utulivu wa usiku mmoja tu.

Dhana potofu: Likipita, tulizungumze papo hapo

Mwili bado umechoka na aibu ni nzito. Kwanza chumba chenye giza, maji, uji. Mazungumzo yangoje hadi kesho yake, na siku hiyo usiandike barua ya kuacha kazi wala ujumbe wa kuvunja uchumba. Kikombe kilichovunjika kilipwe, na aliyeogopeshwa aombwe radhi. Kueleza chanzo hakufuti deni.

Dhana potofu: Kuondoka mapema matangani ni dharau

Magharibi mwa Kenya matanga huchukua siku kadhaa, yakiwa na hema, jenereta, ngoma na mamia ya watu wa kusalimiwa kwa mkono. Mweleze shangazi au mjomba mmoja mapema, mkubaliane saa ya kuondoka. Omba kazi ya nyuma ya boma: kuteka maji, kupasua kuni, kuandika michango. Fika siku moja kabla ya mazishi, asubuhi, ukae na wafiwa kabla spika hazijafungwa, kisha rudi wiki inayofuata, hema likiwa limeondolewa na mama mfiwa amebaki na watu wachache.