Je, wajua kwa nini Mexico iliuweka mkono wa rais wake kwenye chupa?

Hadi mwaka 1989, mtu aliyeingia kwenye mnara wa kumbukumbu uliopo San Ángel, kusini mwa Jiji la Mexico, alikutana na chupa ya kioo iliyojaa fomalini. Ndani yake mlikuwa na mkono wa kulia wa binadamu, umepauka. Mwenye mkono ni Jenerali Álvaro Obregón, rais wa Mexico kuanzia 1920 hadi 1924. Mwili wake ulikuwa umezikwa siku nyingi huko Huatabampo, jimbo la Sonora, kaskazini-magharibi kabisa mwa nchi. Sasa kwa nini mwili uzikwe na mkono ubaki hadharani?

Mwanzo wa Obregón haukuwa na dalili yoyote ya ujenerali. Alizaliwa 1880, kitinda mimba kati ya watoto 18, na baba yake akafariki angali mchanga. Shule hakuisogelea sana. Alikuwa fundi mitambo kwenye kiwanda cha sukari, kisha mwaka 1906 akapata kishamba chake na kulima dengu, hata akabuni mashine ya kurahisisha kilimo hicho na kuwauzia wakulima wenzake. Mapinduzi yalipolipuka mwaka 1910 dhidi ya Porfirio Díaz, aliyeitawala nchi kwa zaidi ya miaka 30, Obregón alibaki na dengu zake. Wenzake hawakumsahaulisha hilo. Silaha alizishika 1912 akiwa tayari meya wa Huatabampo, na mwaka uliofuata, baada ya Jenerali Victoriano Huerta kumpindua Rais Francisco Madero na Madero kuuawa, akazama vitani moja kwa moja upande wa Venustiano Carranza, kiongozi wa waliompinga Huerta.

Hapo ndipo ilipogundulika kwamba mkulima huyu ana kipaji cha ajabu. Kumbukumbu yake ilikuwa kali mno: inasimuliwa kwamba ukimwonyesha karata zilizochanganywa, alikutajia zote kwa mpangilio wake. Agosti 1914 aliingia Jiji la Mexico na jeshi lake, Huerta akiwa amekwisha kukimbia. Lakini washindi hawakuelewana. Pancho Villa na Emiliano Zapata wakasimama upande mmoja, Carranza na Obregón upande wa pili.

Aprili 1915 Obregón na Villa walikutana Celaya, kwenye mashamba ya ngano yaliyokatwakatwa na mifereji ya umwagiliaji. Villa alikuwa na wapanda farasi waliotisha nchi nzima. Obregón alikuwa akifuatilia habari za vita vya Ulaya vilivyokuwa vikiendelea wakati huohuo, na alijua farasi hafui dafu mbele ya bunduki za rashasha. Akawaweka askari wake kwenye mahandaki na mifereji, akatandaza seng'enge, akasubiri. Villa akarusha wapanda farasi wake wimbi baada ya wimbi, wakafyekwa. Siku chache baadaye akarudi na kufanya kosa lilelile. Kwa maoni yangu, Celaya ndiyo iliyoamua nani angeitawala Mexico. Mengine yote yalikuwa kumalizia.

Mkono ulipotea katika huko kumalizia. Tarehe 3 Juni 1915, kwenye shamba kubwa la Santa Ana del Conde karibu na León, kombora la Villa lilimpata Obregón na kuukata mkono wa kulia. Akiamini kwamba anakufa, na maumivu hayavumiliki, alichomoa bastola kwa mkono wa kushoto, akajielekezea na kufyatua. Haikulia. Ilikuwa imesafishwa siku iliyotangulia na hakuna aliyerudisha risasi kwenye chemba. Msaidizi wake, Jesús Garza, akamrukia na kumpokonya. Daktari Enrique Osornio akamtibu, na mkono ukahifadhiwa.

Mwenyewe aliugeuza mzaha. Alimsimulia mwandishi wa Kihispania Vicente Blasco Ibáñez kwamba askari walihangaika kuutafuta mkono katikati ya maiti bila mafanikio, mpaka rafiki yake alipotoa sarafu ya dhahabu na kuinyanyua juu: mkono ukaruka wenyewe kutoka chini na kuidaka. Akaongeza kwamba viongozi wote ni wezi kidogo, ila yeye ana mkono mmoja tu, kwa hiyo huiba kidogo kuliko wenzake. Watu walicheka, nao walimpigia kura.

Njia ya kuelekea urais haikuwa ya mzaha. Mwaka 1920 Carranza, aliyekuwa rais wakati huo, alitaka kumrithisha kiti mtu wake. Obregón akatoroka mji mkuu akiwa amevaa kama mfanyakazi wa reli, uasi ukaanza Sonora, na Carranza akauawa Mei 21. Akiwa rais, Obregón alimpa José Vasconcelos wizara mpya ya elimu, shule zikaenea vijijini, na wachoraji kama Diego Rivera wakapewa kuta za majengo ya umma wazijaze historia ya nchi. Marekani ikaitambua serikali yake 1923. Mwaka huohuo Villa, aliyekuwa amestaafu, alimiminiwa risasi garini mwake mjini Parral.

Doa kubwa lilikuja baadaye. Mapinduzi ya 1910 yalibeba kaulimbiu ya kura halali na rais kutochaguliwa tena. Obregón akataka kurudi. Katiba ikarekebishwa 1927 kumfungulia mlango, kisha muhula ukaongezwa kutoka miaka minne hadi sita. Wagombea wawili waliompinga, majenerali Francisco Serrano na Arnulfo Gómez, waliuawa kabla ya uchaguzi. Wakati huo nchi ilikuwa pia kwenye vita kati ya serikali na Wakatoliki waliopinga sheria kali dhidi ya Kanisa. Baada ya bomu kurushiwa gari la Obregón, Padri Miguel Pro alipigwa risasi bila kufikishwa mahakamani. Leo Kanisa linamwita Mwenyeheri.

Julai 1, 1928 Obregón alishinda, maana hakuwa na mpinzani. Julai 17, akiwa kwenye karamu katika mgahawa wa La Bombilla, San Ángel, alisogelewa na kijana mchora vibonzo, José de León Toral, Mkatoliki mwenye msimamo mkali. Alimwonyesha mchoro, kisha akamfyatulia bastola karibu kabisa. Rais mteule akafia mezani.

Mnara ulijengwa palepale mgahawa ulipokuwa, ukafunguliwa Julai 17, 1935, na ndimo mkono ulimokuja kukaa. Nadhani chaguo hilo lilikuwa la werevu sana. Obregón wa 1928 alikuwa mtu aliyekanyaga kanuni ya mapinduzi. Kumtukuza mzimamzima kungezua maswali. Mkono ulikatika 1915, kabla ya Carranza kuuawa, kabla ya Serrano na Gómez. Ulikuwa umelipa na haukuwa na deni. Na chama kilichoanzishwa mwaka 1929 na Plutarco Elías Calles, rais aliyemrithi Obregón 1924 na ambaye sasa alikuwa amekwisha kuondoka madarakani, ili kuziba pengo la kifo hicho, kile ambacho baadaye kiliitwa PRI na kutawala hadi 2000, kilihitaji alama ambayo haingeweza kumsuta yeyote.

Mwaka 1989 mkono uliondolewa, ukachomwa na majivu kupelekwa Huatabampo. Rais kurudia urais kulipigwa marufuku tena 1933, safari hii bila mwanya. Ila ule muhula wa miaka sita, ulioandaliwa kwa ajili ya Obregón ambaye hakuapishwa, haukufutwa: tangu Lázaro Cárdenas mwaka 1934 hadi Claudia Sheinbaum leo, kila rais wa Mexico huchaguliwa kwa muhula huo, mara moja tu.