Je, wajua kwa nini kichwa cha mtoto mchanga hulowa jasho akiwa usingizini?

Mtoto amelazwa akiwa mkavu. Baada ya nusu saa nywele zimegandamana kisogoni na shuka limelowa pale tu kichwa kilipolalia, ilhali vidole vya mikono na miguu yake ni vya baridi. Wazazi wengi wakiona hivyo hushuku homa, na wengine hudhani mtoto ana udhaifu fulani mwilini. Mara nyingi si homa wala udhaifu, bali ni namna mwili mdogo unavyopunguza joto lake, na jambo la kuchunguza si wingi wa jasho bali wakati linapotoka na dalili zinazoandamana nalo.

Tezi za jasho huanza kuumbika mtoto akiwa bado tumboni, kwanza kwenye viganja na nyayo karibu na mwezi wa 4 wa ujauzito, kisha sehemu nyingine za mwili. Aliyetimiza miezi yake huzaliwa akiwa na karibu tezi zote atakazokuwa nazo maishani, yaani milioni 2 hadi 4, zikiwa zimesongamana kwenye ngozi iliyo ndogo mara kadhaa kuliko ya mtu mzima. Hata hivyo, kuwa na tezi si sawa na kuweza kuzitumia. Paji la uso ndilo linaloanza kutoa jasho, kifua hufuata, na mikono na miguu huwa ya mwisho. Mtoto njiti aliyezaliwa kabla ya wiki ya 36 anaweza kukaa siku kadhaa bila kutoa jasho lolote, ndiyo maana huhitaji uangalizi wa karibu wa joto la mwili. Mwanafiziolojia wa Japani, Yas Kuno, aliyechunguza jasho la binadamu kwa miaka mingi katika karne ya 20, alifikia hitimisho kwamba idadi ya tezi zinazofanya kazi hutegemea zaidi hali ya hewa ambayo mtu aliishi katika miaka 2 hivi ya mwanzo kuliko nasaba yake.

Kichwa kinatangulia kwa sababu ya ukubwa wake. Kwa mtoto mchanga kichwa huchukua takriban sehemu moja ya tano ya ngozi yote, wakati kwa mtu mzima hakifiki sehemu moja ya kumi, na ndani yake mna ubongo unaotumia zaidi ya nusu ya nishati ya mwili uliotulia. Joto hilo lazima lipate pa kutokea. Tatizo ni kwamba jasho hupoza mwili linapokauka tu, na kisogo kilichobanwa kwenye godoro hakipati hewa. Kwa hiyo jasho hubaki pale pale na kuonekana jingi kuliko lilivyo.

Usingizi nao una mchango wake. Mtu anapozama katika usingizi mzito, ubongo hushusha kiwango cha joto unachokilinda, na mwili hutoa jasho ili kufikia kiwango hicho kipya. Watoto wadogo hukaa katika usingizi wa aina hiyo muda mrefu kuliko watu wazima, hasa saa za mwanzo za usiku, na ndiyo sababu mtoto wa miaka 2 hukutwa amelowa mapema usiku lakini mkavu kunapokaribia kucha.

Kabla ya kutafuta ugonjwa, ni vyema kutazama nguo alizovaa. Baridi ya vidole humdanganya mlezi, kwa kuwa damu bado haijazoea kufika huko kwa wingi; anayetaka ukweli aingize mkono shingoni kwa nyuma au kifuani. Pakiwa na moto na unyevu, apunguze nguo moja, na kofia isivaliwe usingizini ndani ya nyumba. Hili si suala la starehe tu, kwa sababu joto la kupita kiasi ni miongoni mwa mambo yanayoongeza hatari ya kifo cha ghafla cha mtoto mchanga akiwa usingizini. Harara, yaani vile vipele vidogo vinavyojitokeza mikunjoni mwa shingo pale vijitundu vya jasho vinapoziba, huisha vyenyewe ngozi ikipozwa na kuachwa ipumue.

Jasho linalostahili mashaka ya kweli ni lile la wakati wa kunyonya. Kutokwa na jasho kidogo ni kawaida, kwani mtoto amekumbatiwa na mwili wa mama yake wenye joto, na kunyonya ndiyo mbio zake. Lakini mtoto ambaye paji lake linatiririka jasho kila anaponyonya, anayeachia titi kila baada ya mafundo machache ili avute pumzi, anayehema haraka na ambaye uzito wake hauongezeki, huenda moyo wake unafanya kazi kupita uwezo. Watoto wenye tundu kubwa kati ya vyumba vya chini vya moyo huweza kuonekana wazima wiki za kwanza, kwa sababu shinikizo kwenye mishipa ya mapafu bado liko juu. Linaposhuka, damu humiminika kwa wingi kuelekea mapafuni na dalili hizo hujitokeza. Mtoto wa namna hiyo apelekwe kwa daktari bila kusubiri kliniki ijayo, na akiwa na midomo ya bluu apelekwe saa ile ile.

Jasho la usiku linaloambatana na kikohozi kisichoisha na kukonda huhitaji uchunguzi wa kifua kikuu. Likiambatana na kukoroma na pumzi zinazokatika, huenda nyama za puani au mafindofindo yamevimba na kuziba njia ya hewa. Mtoto aliye chini ya miezi 3 akipimwa na kukutwa na nyuzijoto 38 au zaidi, hiyo ni dharura, awe na jasho au asiwe nalo. Viganja na nyayo zinazolowa mchana na kukauka kabisa mtoto alalapo ni jambo jingine: hali hiyo mara nyingi hurithiwa, haidhuru moyo wala mapafu, na daktari anaweza kuijadili na wazazi bila haraka.