Sanamu mseto ni nini?

Sanamu mseto ni sanamu iliyoundwa kwa vitu vya aina mbalimbali vilivyounganishwa: kitambaa na waya, mbao na plastiki, kijiko na uzi. Tumezoea kusikia kwamba sanamu huchongwa, yaani fundi hupunguza gogo mpaka umbo litokee. Hapa kazi ni kufunga, kushona na kubandika. Mwaka 1942 msanii Picasso alichukua kiti na usukani wa baiskeli, akaviunga, na ukutani kikaonekana kichwa cha fahali.

Nguvu ya sanaa hii, kwangu, iko kwenye vitu vyenyewe. Kanga iliyopauka imeshabeba mtoto mgongoni, imeshafuta machozi msibani. Hisia imo kabla msanii hajaigusa.

Mfano unaonigusa kuliko yote ni wa Romuald Hazoumè wa Benin. Yeye huunda nyuso za watu kwa madumu ya plastiki. Nchini kwao madumu hutumika kubebea petroli ya magendo kutoka Nigeria, na wabebaji huyapasha moto yavimbe ili yachukue mafuta zaidi, hata mengine hupasuka. Mdomo wa dumu unakuwa kinywa, mkono wake unakuwa pua. Katika La Bouche du Roi, kazi aliyoifanya kati ya 1997 na 2005, nyuso 304 za namna hiyo zimepangwa sakafuni kwa umbo la Brookes, meli ya Uingereza iliyosafirisha watumwa. Ukishajua dumu lile lilivyovimbishwa na kubebeshwa kupita kiasi, uchungu wa waliopakiwa melini hauhitaji kuelezwa.

Nyumbani unaweza kuanza na vitu vitatu tu. Tuseme umefiwa na bibi: chukua mwiko wake, kipande cha kanga yake na waya laini. Zungushia kanga chini ya kichwa cha mwiko, uikaze kwa waya. Gundi peke yake haishiki vizuri mti uliokolea mafuta. Kisha usimamishe kwenye kopo lenye mchanga. Mwiko ukisimama wima, utaona mtu. Ukiuinamisha kidogo, mtu huyo anakuwa amechoka, au anakusikiliza. Jaribu pembe kadhaa kabla ya kushindilia mchanga. Na ile ncha iliyoungulia jikoni usiipige msasa wala usiipake rangi.